Tundu Chini ya Kitanda cha Kidoti

Drili ilikuwa inalia ndani ya chumba cha mwanangu!

Niliisikia nikiwa bado mlangoni, funguo mkononi, viatu sijavua. Nikadhani ni ya jirani. Halafu nikakumbuka… nyumba yetu haisikii ya jirani. Kuta zake nene, madirisha yake yana vioo vitatu vitatu. Ukisikia kitu humu ndani, ujue kiko humu humu ndani.

Nikakimbia.

Mama mkwe wangu alikuwa amelala kifudifudi chini ya kitanda. Miguu tu ndiyo ilionekana, soksi moja imetoboka kidoleni. Vumbi jeupe limetapakaa sakafuni. Na mwanangu, mgonjwa, aliyebaki nyumbani kwa sababu ya kifua… amechuchumaa pembeni, anamshikia bibi yake tochi!

"Mama! Unafanya nini?"

Drili ikanyamaza.

"Usinipigie kelele, Mama Kidoti. Ndo namalizia."

"Unamalizia nini?"

"Tundu."

Jamani… Tundu!

Nikakaa palepale sakafuni, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Najua baadhi yenu mmeshaanza kucheka. Tundu tu, dada, si uweke plasta? Ngoja niwaeleze, halafu mniambie kama mngecheka.

Mimi kazi yangu ni kuchora majengo. Ni mtu wa aibu, wa sauti ndogo. Kwenye vikao kazini, mpaka nipate ujasiri wa kufungua mdomo, watu wameshafunga kikao. Lakini nyumba hii niliipigania kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo.

Zamani tulikuwa tumepanga kwenye nyumba ya kuta zinazotoa jasho. Msimu wa baridi, upepo unaingia chini ya mlango mpaka pazia linacheza peke yake. Msimu wa joto, bati linatuoka kama mikate. Na kwenye kona, ukungu mweusi. Unausugua leo, kesho umerudi na ndugu zake.

Kidoti, binti yetu wa pekee, alianza kukohoa kabla hajaanza kutembea. Tunamwita hivyo kwa alama ndogo nyeusi iliyo juu ya mdomo wake. Mara ya mwisho alipolazwa, nilimshikia barakoa ya oksijeni usoni. Ile alama sikuiona tena. Niliona macho tu, yananiangalia. Hana nguvu hata ya kulia.

Daktari akaniambia:

"Mama, dawa nitakupa. Lakini ukimrudisha kwenye chumba kilekile, tutaonana tena."

Nikaapa hatutaonana tena.

Ndo nikachora hii nyumba. Ukitaka kuielewa, fikiria chupa ya chai. Chupa ya chai haina moto ndani, ila chai haipoi. Nyumba yetu ni hivyo hivyo. Kuta zimeshindiliwa kitu kinene cha kuzuia joto na baridi. Kila ufa umezibwa kwa utepe maalumu. Madirisha makubwa yanatazama upande ambao jua la baridi linaingia, na la kiangazi linazuiwa na kibaraza. Hatuna hita, hatuna kiyoyozi. Bili ya umeme ikija, mume wangu huigeuza nyuma aone kama kuna nyingine imefichwa.

"Na hewa je?" Kila mtu huuliza hivyo.

Hewa inaletwa na mashine ndogo iliyoko stoo. Inavuta hewa chafu kutoka jikoni na bafuni, na kuleta hewa safi, iliyochujwa vumbi, kwa mabomba mpaka vyumba vya kulala. Hizi hewa mbili hazichanganyiki. Ni kama watu wawili wanaopishana mlangoni siku ya baridi, anayetoka anamwachia koti anayeingia.

Mwenye duka wa mtaani kwetu alicheka mpaka akashika mbavu.

"Yaani mmejenga chupa ya chai mkajifungia ndani? Mkiiva mtuite!"

Acheni acheke. Kidoti aliacha kukohoa! Alilala mpaka asubuhi, akaamka anaimba. Mimi nilikuwa nasimama mlangoni kwake kusikiliza tu anavyopumua. Kuna muziki mwingine mzuri kuliko ule? Kama upo, sijausikia.

Halafu mama mkwe akaja kuishi na sisi.

Miguu ilikuwa inamsumbua, na kule kwake alikuwa peke yake. Tukampa kitanda cha chini chumbani kwa Kidoti. Ni kitanda cha ghorofa, Kidoti analala juu. Mtoto alifurahi kuliko siku tuliyohamia.

Lakini Mama na nyumba yangu… paka na maji.

"Nyumba haina ufa hata wa mende kupita! Kisichoingiza mende kitaingiza hewa?"

"Hewa inaletwa na mashine, Mama."

"Mashine! Kwani sasa hivi hata kupumua tunapumuliwa?"

Akawa anafungua dirisha. Kwa siku za kawaida lisingekuwa tatizo, madirisha yetu yanafunguka kama ya watu wengine. Ila nje walikuwa wanatengeneza barabara. Malori yanapita, vumbi jekundu linasimama hewani. Siku moja nikarudi kutoka kazini nikakuta shuka la mwanangu limekuwa jekundu. Limekuwa jekundu kabisa!

Sikumwambia Mama kitu. Nilifunga lile dirisha kwa ufunguo, ufunguo nikautia kwenye pochi yangu. Halafu nikamsubiri mume wangu chumbani kwetu, nikafunga mlango.

"Mama yako aondoke."

"Ongea taratibu."

"Atasikia wapi? Hizi kuta nimezichora mwenyewe. Hata upige ngoma humu, upande wa pili hawasikii!"

"Ni mama yangu, Mama Kidoti."

"Na yule ni mwanangu! Nimemtoa kwenye maradhi, mama yako anamrudisha. Huyo si mgeni, Baba Kidoti… huyo ni maradhi! Aondoke!"

Nilisema hivyo. Kwa mdomo huu huu unaoogopa hata kumwambia kondakta nimefika nishushe.

Mume wangu alikaa ukingoni mwa kitanda, anakunja na kukunjua soksi zake. Tukazozana hivyo jioni ile, na nyingine, na nyingine. Kila mara mlango umefungwa. Kila mara nikiwa na uhakika na kuta zangu.

Kuanzia hapo Mama akapoa. Dirisha hakuligusa tena. Utani wa mende ukaisha. Akawa anakula, anashukuru, anaingia chumbani. Nikajisemea, kanuna. Anune tu, mradi mwanangu anapumua.

Kumbe ndo kwanza balaa lilikuwa linapiga hodi.

Asubuhi moja nikakuta kioo cha dirisha la Kidoti kinatiririka maji kwa ndani. Kwenye nyumba ya aina hii, hicho ni kitu cha kutisha. Ni kama kumkuta mtu anatoka jasho huku anasema hajambo.

"Mama, hizi ni nguo mbichi unazoanika humu ndani."

"Nguo nimeacha kuanika tangu uliponikataza."

Sikumwamini.

"Chumba hiki kizito, Mama Kidoti. Tunaamka vichwa vinauma, mimi na mtoto."

Nikaenda stoo. Mashine inanguruma taratibu, taa ya kijani inawaka.

"Mashine iko sawa, Mama."

"Mashine iko sawa, na mimi nakosa pumzi. Sasa muongo nani?"

Kisha… kikohozi kikarudi.

Kwanza kidogo, kama mtu anayesafisha koo. Halafu kile kirefu, ninachokijua. Mwalimu akapiga simu, mtoto anasinzia darasani. Niliposimama mlangoni kwake kusikiliza, ule muziki wangu ulikuwa na mluzi ndani yake.

Nilimwangalia mama mkwe wangu kwa macho ambayo sitaki hata kuyaelezea.

Haya, sasa mmeelewa? Siku ya tundu ilikuwa siku ambayo fundi anakuja kufanya kipimo cha mwisho, kuona kama nyumba inavuja hewa. Mimi nilitaka kipimo kinijibu swali moja tu: hewa ya mwanangu inaharibikia wapi? Nimetoka kazini mapema kumpokea fundi… namkuta Mama anautoboa ukuta!

Nikainuka pale sakafuni.

"Kidoti, nipe hiyo tochi. Toka humu, kuna vumbi."

"Mama, bibi alikuwa ana—"

"Toka!"

Akatoka, anakohoa.

Mama mkwe akajivuta kutoka chini ya kitanda, nywele zimejaa unga mweupe. Begi lake la nguo lilikuwa limesogezwa karibu na mlango. Nikadhani alilitoa uvunguni ili apate nafasi ya kuharibu vizuri.

"Umenimaliza, Mama," nikamwambia. "Hongera."

Akafuta drili kwa upindo wa gauni, akaiweka mezani.

Muda huo huo mlango ukagongwa. Mume wangu, na nyuma yake Fundi Feni.

Fundi Feni ni jina tulilompa kazini. Kazi yake ni kufunga turubai kwenye mlango wa mbele, katikati ya turubai kuna feni kubwa inayovuta hewa yote ya ndani kwenda nje. Hapo kila ufa unajitaja. Yeye anapita na kitu kama kalamu kinachotoa uzi wa moshi. Palipo na ufa, moshi unakimbia.

"Mbona mna nyuso za kesi mahakamani?" akauliza.

Hakuna aliyecheka.

"Funga feni, fundi," nikasema. "Leo kila kitu kitajulikana. Baba Kidoti, naomba ukae. Mama pia."

Sauti ilikuwa yangu? Hata mimi niliishangaa.

Feni ikaanza. Tukapita sebuleni, moshi umetulia. Jikoni, umetulia. Chumbani kwetu, umetulia. Halafu chumbani kwa Kidoti… Fundi Feni akainama uvunguni, na moshi ukarushwa usoni kwake kama umepigwa kofi!

"Lo! Hili linapiga mluzi kama kinyozi asiye na wateja. Nani katoboa?"

Nikamwangalia mume wangu.

"Mwambie, Baba Kidoti. Mwambie fundi nani katoboa."

Aliiona drili mezani. Drili yake mwenyewe.

"Mama… kwa nini?"

"Mtoto anahitaji hewa," Mama akajibu. Basi. Hayo tu.

"Hewa?" nikapaza sauti. "Hiyo unayomwingizia ni vumbi la malori!"

Fundi Feni akakohoa kidogo, kile kikohozi cha mgeni anayetamani angekuwa kwake.

"Ngojeni nizime feni, niwashe mashine yenu. Bado sijakagua midomo ya mabomba. Nikimaliza, mgombane kwa nafasi."

Akaanza na chumba chetu. Akasogeza moshi kwenye mdomo wa bomba juu ukutani. Ukakimbia mbio! Hewa inaingia, tena kwa nguvu kuliko inavyotakiwa.

Akaja kwa Kidoti. Akapanda ngazi ya kitanda, akasogeza moshi.

Moshi ukasimama wima.

Akasogeza tena. Umesimama tu, umenyooka kama askari wa zamu.

"Humu hakuingii hewa," akasema polepole. Utani umemtoka. "Humu hakuingii hewa hata kidogo."

Mwanangu amelala hapa… kila siku… mlango umefungwa, dirisha limefungwa, na ufunguo wa dirisha uko kwenye pochi yangu!

Fundi akazungusha kifuniko cha bomba, kikatoka. Akaingiza mkono. Akatoa soksi. Akatoa soksi nyingine. Sweta la mwanasesere. Kisha akavuta kitambaa cha zambarau… kinakuja… kinakuja… kama mazingaombwe.

Kilipoanguka kitandani, sote tulikijua. Kitambaa cha kichwa cha mama mkwe wangu!

Mume wangu akasimama.

"Mama! Hiki si chako?"

"Changu," Mama akasema. Akakiokota, akakigeuza geuza kama haamini. "Nilikitafuta kila mahali…"

"Umeziba hewa ya mtoto?" nililia, nawaambia nililia! "Unaichukia nyumba yangu kiasi hicho? Umzibie mjukuu wako hewa ili mimi nionekane mjinga?"

"Mimi sijaziba kitu, Mama Kidoti."

"Kitambaa kilipanda chenyewe?"

Akamtazama mwanawe. Mwanawe akaangalia chini.

"Mama," mume wangu akasema, "fungasha."

"Nimeshafungasha, mwanangu. Begi lile pale mlangoni."

Hapo ndipo tukasikia kikohozi nyuma yetu.

Kidoti alikuwa amesimama kizingitini. Machozi yamejaa mpaka kwenye ile alama yake.

"Ni mimi! Bibi asiondoke. Ni mimi niliziba."

Hakuna aliyepumua. Na kwa mara ya kwanza haikuwa kosa la bomba.

Nikapiga magoti mbele yake.

"Wewe? Kwa nini, mama?"

"Kifuniko kinazunguka kama cha chupa. Nilikuona unavyosafisha."

"Lakini kwa nini, Kidoti?"

Akanyoosha kidole kwenye lile shimo la bomba.

"Kwa sababu mnaongea hapo."

"Nani?"

"Wewe na baba. Mnagombana hapo ndani. Ulisema bibi ni maradhi… ulisema aondoke. Nikaziba ili bibi asisikie."

Wapendwa… nyumba yetu ina ukimya ambao wageni huusifu. Ule ukimya wa wakati ule, nisingependa mtu yeyote ausifu.

Fundi Feni alishuka kwenye ngazi taratibu.

"Bomba la chumba chenu na la hapa ni moja," akasema. Hakuniangalia. "Huwa kunawekwa kipande cha kuzuia sauti."

Nilijua. Nilikichora mwenyewe. Aliyefunga mabomba alisema hicho ni cha watu wanaokoroma, kitakuja baadaye, sote tukacheka, nami nikakisahau.

Mama mkwe akakaa kitanda cha chini. Akamvuta Kidoti mapajani.

"Mjukuu wangu," akasema, "bibi alishasikia. Siku ile ile, kabla hujaziba."

Nilitamani sakafu ifunguke. Ila sakafu yangu nayo haina ufa.

Basi alisikia! Alikaa nasi mezani, akala, akashukuru, akijua kwamba mimi namwita maradhi.

"Mama…" sauti yangu ndogo ilikuwa imerudi. "Kama ulisikia… kwa nini hukuondoka siku ile?"

"Nimwachie nani huyu? Nilianza kufunga begi, mtoto akaanza kukohoa. Nikasema kifua kikipona nitakwenda. Hakikupona. Dirisha limefungwa, nikikuambia hewa hakuna unanionyesha taa ya kijani. Leo nikasema naenda. Lakini sitoki humu kabla sijamwachia mtoto mahali pa kuvutia pumzi." Akaangalia drili pale mezani. "Nikatoboa chini, maana nikiondoka atalala kitanda changu, aning'inize kichwa avute. Mimi sijui mengine."

Mume wangu aligeukia ukuta.

Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti. Nikasogea hivyo hivyo, nikaweka kichwa kwenye magoti ya mama mkwe wangu. Maneno niliyoyaandaa kwa ajili ya ushindi wangu hayakufaa kitu. Nilipata moja tu.

"Nisamehe, Mama."

Akaniacha nilie kidogo. Kisha akanipangusa unga mweupe kwenye paji la uso.

"Inuka, utachafuka. Vumbi langu hilo."

Tukacheka. Vibaya, kwa makamasi, lakini tukacheka.

Siku ile, Fundi Feni alimpa Mama utepe, akamwonyesha namna ya kuziba. Aliingia tena uvunguni na soksi yake iliyotoboka, akaziba tundu kwa mkono wake mwenyewe. Mume wangu alirudisha begi mahali pake bila kuambiwa. Feni ikawashwa upya, kipimo kikapita. Fundi alinipa mkono wa hongera. Niliupokea, lakini macho yangu yalikuwa kwenye kalamu yake ya moshi aliyoisogeza kwa mara ya mwisho kwenye bomba la Kidoti.

Moshi ulikimbia.

Kifua hakikupona kwa siku moja, kilipona polepole. Vioo vikakauka. Ufunguo wa dirisha umetoka kwenye pochi yangu, unaning'inia kwenye msumari kando ya kitanda cha Mama. Malori yakipita anafunga, yakiisha anafungua. Wala sijawahi kumwambia afanye hivyo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba kila ufa, kwa utepe wa bei, kwa kipimo… na ukuta nikaujenga vilevile, katikati ya nyumba yangu mwenyewe. Ukiwa na neno juu ya mtu, mwambie usoni, kwa adabu, kabla halijamfikia kwa bomba. Na ukiwa na uhakika sana kwamba watoto hawasikii, wanasikia. Tena wanaziba ili wanaowapenda wasisikie, hata kwa gharama ya pumzi yao wenyewe.

Kile kipande cha kuzuia sauti kililetwa. Mama akakikataa.

"Kiache stoo. Mtu akijua anasikika, huchunga ulimi."

Jana, wakati wa kulala, nikasikia kutoka kwenye bomba la chumbani kwetu, sauti ndogo safi, haina mluzi hata kidogo:

"Lala salama, mama. Lala salama, baba."

Na nyuma yake, sauti nzito zaidi:

"Na mzime taa! Umeme mnaouhifadhi ni huo huo mnaouchezea!"